Nywila ya Duka Ikae kwa Mwenye Duka

Wazee wetu wametuachia semi mbili zinazogombana. Wa kwanza unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili, ambao utausikia kwa wafanyabiashara kuanzia Kariakoo hadi Kongowea, unasema biashara ni matangazo. Mama mdogo wangu, fundi cherehani hapa katikati ya jiji la Durban, kwa miaka mingi alisimama na ule wa kwanza. "Nguo yangu ikitoka hapa inatembea yenyewe," alikuwa akisema. "Mtu akiiona kanisani atauliza nani kaishona." Na kweli watu waliuliza. Tatizo ni kwamba chumba chake cha kazi kiko ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na kibao chochote nje. Aliyeuliza kanisani aliambiwa, "Nenda pale karibu na soko, muulize mlinzi." Baadhi walimkuta mlinzi. Wengine walimkuta fundi mwingine njiani.

Nilipomaliza matriki alinipa simu yake akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye umesoma. Lipeleke duka letu kwenye intaneti." Nilijiona mtu mkubwa. Usiku uleule nilifungua ukurasa wa Instagram, nikaupa jina la Kiingereza lenye neno "boutique", nikapiga picha nguo nne na kuzitia rangi kwa programu mpaka kitenge cha njano kikawa cha chungwa. Maelezo yote niliandika kwa Kiingereza. Namba ya simu niliweka yangu, maana mama mdogo hapendi kusumbuliwa akiwa anakata kitambaa. Nywila niliijua mimi peke yangu. Baada ya wiki tatu tulikuwa na wafuasi mia mbili na kitu, wengi wao wa Lagos, Nairobi na Dar es Salaam. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angepanda teksi aje kupimwa.

Kisha nikaanza chuo. Zikaja kazi za darasani, ikaja mitihani, nami nikausahau ukurasa. Mwezi wa Septemba mwanamke mmoja Mzulu alipanda zile ngazi hadi ghorofa ya tatu. Alisema aliandika mara tatu mwezi wa Agosti akitaka nguo za umembeso wa binti yake, nguo za wanawake wanane wa ukoo mmoja. Hakujibiwa, akapeleka kazi kwingine. Siku hiyo alikuwa mjini kwa shughuli zake, akaona apite tu kusema kwamba nguo za kwenye ukurasa zilimpendeza, na kwamba ni ajabu fundi hodari namna hii hataki kazi. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakujua ni ukurasa gani anaozungumzia.

Nguo za watu wanane. Kwa fundi mwenye cherehani mbili, hiyo ni kodi ya chumba.

Tangu siku ile nina maoni ambayo baadhi ya wenzangu klabuni hawayapendi, na ndiyo maana nayaandika hapa ili tujadiliane. Sisi watoto tuliosoma tunaharibu biashara za wazazi wetu kila tunapoahidi "kuwawekea mtandaoni". Tunafungua kurasa ambazo ni zetu, kwa lugha yetu, kwa namba zetu, kisha tunaondoka nazo. Biashara ndogo ikitaka kuonekana mtandaoni, iendeshwe na mwenyewe, kwenye simu anayoijua, kwa lugha anazouzia kila siku. Kazi yetu ni kufundisha, halafu kukaa pembeni.

Tuanze na simu anayoijua

Sisi tukisikia "masoko ya kidijitali" tunafikiria Instagram na TikTok, kwa sababu ndiko tunakoishi. Mama mdogo anaishi WhatsApp. Humo ndimo mna kundi la kanisa, kundi la ukoo, kundi la akina mama wa Bukavu walioko Durban na kundi la wapangaji wa jengo. Mteja akitaka kumtafuta, atamtafuta humo. Kwa hiyo badala ya kumhamisha, tuliijenga biashara palepale alipo.

WhatsApp ina programu ya pili ya wafanyabiashara, iliyotoka Januari 2018, na kuipakua ni bure. Ndani yake kuna mahali pa kuandika saa za kazi, anwani na maelezo ya duka. Kuna salamu inayojituma yenyewe mteja anapoandika kwa mara ya kwanza, na tangu mwaka 2019 kuna katalogi ya kupanga picha za bidhaa na bei zake. Mama mdogo aliweka nguo 12. Alizichagua mwenyewe, na nilishangaa kuona hakuchagua hata moja kati ya zile nne nilizozipamba mimi. "Zile zinapendeza," alisema, "ila hizi ndizo ninazoulizwa."

Kuna mambo madogo ya programu hii ambayo mtu asipoyajua atadhani wateja wamemchukia. Ukituma tangazo moja kwa watu wengi kwa njia ya orodha ya matangazo, linawafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao, na orodha moja haibebi zaidi ya watu 256. Maana yake ni kwamba kazi ya kutangaza inaanza mteja akiwa bado amesimama mbele ya cherehani. Kabla hajaondoka na nguo yake, mwambie ahifadhi namba na jina la duka. Mama mdogo sasa hatoi nguo mpaka aone jina lake limeingia kwenye simu ya mteja. Anafanya kwa utani, na watu wanacheka, lakini wanahifadhi.

Stetasi nayo hudumu saa 24 tu, kisha inafutika. Vijana tunaiona kasoro. Kwa fundi ni sawa na kutundika nguo mlangoni asubuhi na kuiondoa jioni. Haimlazimu kuwa na picha nzuri kupita kiasi, na haimlazimu kuandika sana. Pia haimalizi bando. Vodacom waliposhusha bei ya GB 1 ya siku 30 kutoka R149 hadi R99, tarehe 1 Aprili 2020, wengi walishukuru, ila kwa mteja anayehesabu randi hiyo bado ni pesa. Picha moja safi inamfaa kuliko video ya dakika mbili ambayo ataikatiza katikati.

Na kwa asiyependa kuandika kuna ujumbe wa sauti. Mama mdogo Kiingereza chake ni cha kuombea radhi, lakini Kizulu cha sokoni anakimudu na Kiswahili ni cha mama yake. Anajibu wateja kwa sauti huku mguu uko kwenye cherehani. Mteja anasikia mtu wa kweli na mlio wa mashine nyuma yake. Hakuna maandishi yangu ya Kiingereza yanayoweza kumpa mteja imani ya namna hiyo.

Barabara zenye majina mawili

Jambo la pili ni kupatikana. Hapa ndipo ule usemi wa kizuri chajiuza unapohitaji kusaidiwa. Ulifaa sana kwenye soko ambalo kila mtu hupita mbele ya kila meza. Kwenye ghorofa ya tatu, kizuri hakijiuzi mpaka mtu afike.

Google inamruhusu mwenye biashara kuisajili kwenye ramani bila malipo, baada ya kuthibitisha kwamba biashara ipo. Usajili huo una thamani kuliko kurasa zetu zote, kwa sababu anayetafuta "fundi wa nguo karibu nami" tayari anataka kushona. Lakini Durban ina mtego wake. Mitaa mingi ya katikati ya jiji ilibadilishwa majina, na watu wanatumia yote mawili kwa pamoja. Ramani inasema Dr Pixley KaSeme, dereva wa teksi anasema West Street. Ramani inasema Anton Lembede, mteja anasema Smith. Mahatma Gandhi bado ni Point Road kwa watu wengi, na Dr Yusuf Dadoo bado ni Grey Street. Kwa hiyo ukimwandikia mteja maelekezo, andika majina yote mawili. Kisha taja kitu asichoweza kukikosa: msikiti, kituo cha teksi, duka kubwa la pembeni. Mwisho weka picha ya mlango wa jengo ukiwa barabarani, na nyingine ya mlango wa chumba. Picha hizo mbili hazina uzuri wowote, na zimetuletea wateja wengi kuliko picha zangu za rangi ya chungwa.

Saa za kazi ziwe za kweli. Kama Jumapili ni ya kanisa, andika imefungwa. Kama Ijumaa mnafunga kwa ajili ya sala, andika. Mteja aliyepanda ngazi akakuta kufuli hatarudi, na atawasimulia wenzake.

Wenzangu wengine wamenipa wazo la kuandika sifa za nyota tano sisi wenyewe, kila mwanachama wa klabu moja. Nakataa. Google huziondoa sifa za uongo inapozigundua, na hata isipozigundua, mama mdogo atashindwa kumtazama usoni mteja aliyezisoma. Aliyeridhika aombwe aandike mwenyewe, kwa lugha yake, hata kama ni mstari mmoja.

Bei isifichwe

Ukitembelea kurasa za wauzaji wa Dar es Salaam utakutana sana na maneno "bei njoo inboksi". Kuna sababu. Muuzaji hataki jirani yake ajue bei, au anataka kwanza kumpima mteja, au anataka mazungumzo tu. Mama mdogo naye alikuwa hivyo. Alisema bei ya nguo huwezi kuitaja kabla hujamwona mtu, maana kuna mwembamba na kuna mnene, kuna wa lesi na kuna wa kitenge.

Tulibishana wiki nzima. Hoja yangu ilikuwa kwamba mteja wa Durban akikosa bei haulizi, anapita. Anaogopa kuaibika kwa kuuliza kitu asichokiweza. Hatimaye tulikubaliana kwa neno moja: "kuanzia". Shati kuanzia R450. Gauni la sherehe kuanzia bei fulani, bila kitambaa. Hakuna aliyefungwa, na mteja anajua kama apande ngazi au asipande.

Sheria nayo iko upande huo. Sheria ya Afrika Kusini ya mawasiliano na miamala ya kielektroniki, namba 25 ya mwaka 2002, inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki aonyeshe jina lake kamili, anwani, simu na bei kamili pamoja na gharama za kusafirisha. Fundi wengi wanauza ana kwa ana na hutumia simu kuitana tu, lakini anayeanza kupokea malipo ya mbali na kutuma nguo Pietermaritzburg au Richards Bay aijue sheria hiyo mapema. Ajue pia kwamba nchi hii ina matapeli wanaotuma picha ya risiti bandia ya benki. Nguo isitoke mpaka pesa ionekane kwenye akaunti yenyewe.

Lugha ni mtaji, na sisi tunao

Hapa nazungumza na klabu yetu moja kwa moja. Tunakutana kila wiki kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya Afrika. Tunapopewa kazi ya kweli ya kuandika, tunakimbilia Kiingereza. Mimi ni wa kwanza kukiri.

Fikirieni kitambaa kimoja. Mtanzania na Mkenya watakiita kitenge. Sisi wa Bukavu nyumbani tunakiita kikwembe. Mteja wa hapa ataandika "African print". Mwingine ataandika isishweshwe, ambacho ni kitambaa kingine kabisa, na ukimwelewesha tofauti kwa upole anaweza kuagiza vyote viwili. Ukurasa wenye neno moja tu unamfikia mtu mmoja kati ya hawa. Ukurasa wenye maneno yote unawafikia wote, na hakuna wakala wa matangazo anayeweza kumuuzia mama mdogo maarifa hayo. Sisi tunayo bure, kwa sababu tulikulia ndani yake.

Kwenye maelezo ya duka sasa mstari wa kwanza ni wa Kizulu, "Sithunga izingubo zomembeso", kwa sababu hao ndio wateja walio wengi na ndio wenye mji. Wa pili ni wa Kiswahili, kwa Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wanaotaka fundi anayejua mtindo wanaousema bila kuonyeshwa picha. Wa tatu ni wa Kiingereza. Mistari mitatu tu. Kila lugha ina kazi yake pale, na hakuna iliyowekwa kwa ajili ya kujivunia.

Hata kalenda ni suala la kujua watu. Tarehe 24 Septemba ni Siku ya Urithi, na ofisi na shule nyingi huwaambia watu wavae nguo za asili. Anayetangaza tarehe 20 amechelewa, kwani kushona kunataka siku. Kuna sherehe za kuaga za wanafunzi wa matriki, kuna misimu ya harusi, kuna Idi, kuna Krismasi. Mama mdogo alizijua zote kabla yangu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba stetasi ya mwezi wa nane ndiyo inayoleta pesa ya mwezi wa tisa.

Pwani yetu iliyajua haya zamani. Mfanyabiashara wa kanga wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliuza kanga zenye alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Kanga ilivaliwa, ikatembea, ikaenda kwa watu asiowajua, na bado kila aliyesoma pindo lake alijua imetoka kwa nani. Hayo ni matangazo yaliyotangulia simu. Na tazama neno alilochagua: mali. Nguo ilikuwa imeshauzwa, ila jina lilibaki la mwenyewe. Mimi nilifanya kinyume. Nguo zilikuwa za mama mdogo, na jina na namba nikaweka vyangu.

Hofu ya kuonekana

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko yote, ambalo sisi vijana hulipita haraka. Wazazi wengi hawataki kuonekana. Hawataki kibao nje, hawataki alama kwenye ramani, hawataki uso wao kwenye Facebook. Tukiwaambia ni ushamba, tunawakosea.

Wanakumbuka Aprili 2015, wageni walipofukuzwa makwao hapa Durban na familia zikalala kwenye mahema Isipingo, Chatsworth na Phoenix. Wanakumbuka pia Julai 2021, maduka ya wenyeji na ya wageni yalipovunjwa na kuporwa kwa siku kadhaa. Mtu aliyepita hayo akikataa kuonyesha mlango wake kwa dunia nzima, ana sababu zake.

Lakini niliona na upande wa pili Julai ile. Mama mdogo alifunga duka zaidi ya wiki. Ndani mlikuwa na nguo za wateja, na namba zao zilikuwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa ndani ya duka. Wateja hawakujua kama nguo zao zipo au zimeibwa. Yeye hakuweza kuwaambia zipo. Wengine walikasirika, wakadai pesa zao kabla hata hajafungua mlango. Namba hizo zingekuwa kwenye simu, ujumbe mmoja ungetosha kuwatuliza wote. Kwa hiyo kujificha nako kuna gharama.

Ninachosema ni kwamba kiasi cha kuonekana akipange mwenye duka, kwa sababu ni yeye atakayekuwa humo ndani siku mambo yakiharibika. Si haki kijana wa miaka kumi na minane aliyekaa bwenini aamue kwa niaba yake. Kwenye ule ukurasa wangu wa kwanza niliweka picha ya mama mdogo akiwa nyumbani na wanawe wawili, na nyuma yao namba ya nyumba ilisomeka wazi. Sikufikiria lolote. Yeye ndiye aliyeiona, siku nilipomwonyesha ukurasa kwa mara ya kwanza baada ya yule mteja kuondoka. Hakupiga kelele. Aliniambia tu niitoe.

Na njia zipo. Anayefanyia kazi nyumbani na kuwafuata wateja anaweza kusajiliwa Google bila anwani kuonekana, akataja maeneo anayohudumia tu. Anaweza kuonyesha nguo bila uso, mikono bila jina, mlango wa duka bila mlango wa nyumba. Kwa wateja ni vivyo hivyo. Sheria ya kulinda taarifa binafsi, inayojulikana hapa kama POPIA, ilianza kutekelezwa kikamilifu tarehe 1 Julai 2021, na inataka mtu aridhie kabla ya kumtumia matangazo asiyoyaomba. Picha ya bibi harusi nayo iombwe kabla ya kuwekwa. Kwetu hilo ni adabu hata bila sheria. Mama mdogo anauliza hivi: "Dada, nikuonyeshe kwa watu au nikuache?" Wengi wanakubali. Anayekataa haulizwi tena.

"Wazazi hawataweza"

Wapo watakaosema haya yote ni mazuri ila wazazi hawataweza, tuwafanyie tu. Nakumbusha kwamba M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, waliojifunza kutuma pesa kwa simu za vitufe ni pamoja na bibi zetu. Walijifunza kwa sababu ilikuwa pesa yao, na kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuwaelekeza. Mama mdogo hutuma hela Bukavu kwa simu, husambaza mahubiri kwenye makundi yote aliyomo, na hukuta picha ya harusi ya mwaka juzi kabla mimi sijafungua simu yangu. Akishindwa kupanga katalogi, kasoro ni ya mwalimu.

Wengine watasema tulipie matangazo, mambo yaende haraka. Siyakatai. Facebook inakuruhusu kuchagua tangazo lionekane Durban tu, na kiasi kidogo kinaweza kusaidia kabla ya Siku ya Urithi. Ila kulipia tangazo wakati simu haijibiwi ni kualika wageni nyumba ikiwa imefungwa. Kwanza jibu, kisha tangaza.

Pendekezo langu kwa klabu ni dogo. Jumamosi moja kwa mwezi, saa mbili, tukae na wenye saluni, vinyozi, mafundi na wauza chakula wanaozungumza Kiswahili hapa mjini. Tuwe na masharti manne: simu iwe yao, namba iwe yao, nywila waichague wao na waiandike kwenye daftari lao, na maneno yawe ya lugha wanazouzia. Kila kitu wabofye wenyewe. Sisi mikono tuiweke mgongoni. Na walimu wetu, kama mtakubali, tupeni zoezi la kuandika maelezo ya bidhaa moja kwa Kiswahili sanifu na kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, kisha tujadili lipi linauza. Nadhani tutajifunza sarufi zaidi ya tunavyotarajia.

Ule ukurasa wa kwanza niliufuta. Mama mdogo sasa ana namba ya duka, katalogi, na alama kwenye ramani ambayo aliifikiria miezi miwili kabla ya kuikubali. Mimi sina nywila ya chochote. Juzi aliweka stetasi mwenyewe: picha imepinda kidogo, kidole gumba kimeingia pembeni, na chini yake ameandika "kikwembe mupya, kuanzia R450". Nilimpigia kumwambia kwamba sanifu ni kipya, si mupya. Alinijibu kuwa ameshakiuza, na kwamba anapima mtu, nimpigie baadaye.